Rashasha au mzinga: kutafsiri istilahi za ndege za kivita kwa Kijapani

Ndege ya Zero ya Jeshi la Wanamaji la Japani ilibeba silaha za milimita 20 mabawani. Wanamaji waliziita 機銃 (kijū), yaani rashasha. Ndege ya Hayabusa ya Jeshi la Nchi Kavu ilikuja kubeba puani silaha za milimita 12.7, ndogo kuliko zile, nazo zikaitwa 機関砲 (kikanhō), yaani mizinga. Kamusi haitakueleza kwa nini kidogo kinaitwa mzinga na kikubwa kinaitwa rashasha, kwa sababu tofauti haitokani na chuma bali inatokana na jeshi linalosema. Wanamaji waliita 機銃 hata silaha ya milimita 40 ya kutungulia ndege. Leo, kwa Vikosi vya Kujilinda, yaani jeshi la sasa la Japani, mpaka ni milimita 20: kuanzia hapo kwenda juu ni 機関砲, chini yake ni 機関銃 (kikanjū).

Mfano huo unabeba kazi yote. Mwongozo huu ni kwa anayesoma Kijapani cha gazeti bila shida na anatafsiri kutoka Kiswahili au Kiingereza: makala ya historia, maelezo ya ndege ndogo za mfano za kuunganisha, manukuu ya filamu, habari za ulinzi. Makosa mengi kwenye kazi hizi hayatoki kwenye sarufi. Yanatoka kwa mtafsiri aliyepata neno sahihi la jeshi lisilo lake.

Hatua ya 1: Yaweke maandishi kwenye kabati lake

Msamiati huu umo kwenye makabati manne. La kwanza ni Jeshi la Nchi Kavu la Kifalme, 陸軍 (rikugun), hadi 1945. La pili ni Jeshi la Wanamaji la Kifalme, 海軍 (kaigun), hadi mwaka huohuo. La tatu ni Vikosi vya Kujilinda, 自衛隊 (jieitai), vilivyoundwa Julai 1954. La nne ni majeshi ya nchi nyingine zote, ya zamani na ya sasa.

Kabla ya kugusa sentensi ya kwanza andika juu ya ukurasa mambo matatu: ndege ni ya nani, mwaka gani, na msomaji wako ni nani. Kuna maandishi yanayogusa makabati mawili kwa mpigo. Ripoti ya rubani wa Marekani juu ya pambano la 1944 inahitaji kabati la nne kwa upande wake, na la kwanza au la pili kwa wale aliopigana nao. Hapo kila upande upewe maneno yake, hata ndani ya sentensi moja.

Mtego wa mwanzo kabisa ni kuandika 日本空軍 (Nihon kūgun), "Jeshi la Anga la Japani". Kabla ya 1945 Japani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea: nchi kavu walikuwa na ndege zao, wanamaji zao. Ukikuta chanzo kinasema "jeshi la anga la Japani mwaka 1942", lazima uchimbe ujue ni ndege za nani, kisha uandike 陸軍航空隊 au 海軍航空隊. Kwa Japani ya leo andika 航空自衛隊 (kōkū jieitai). Neno 空軍 libaki kwa nchi za nje.

Jaribu makabati kwa kupitisha maneno mawili tu. Mtu anayeruka na ndege: nchi kavu walimwita 空中勤務者 (kūchū kinmusha), wanamaji 搭乗員 (tōjōin), na kwenye nyaraka za leo za Vikosi vya Kujilinda rubani ni 操縦者 (sōjūsha). Leseni ya rubani wa kiraia inasema 操縦士 (sōjūshi). Gazeti linaandika パイロット na halikosei. Rada: wanamaji waliiita 電波探信儀, kwa kifupi 電探 (dentan), nchi kavu walikuwa na 電波警戒機 (denpa keikaiki) ya kuonya, leo ni レーダー. Ukiandika レーダー kwenye maneno ya baharia wa 1943 anayezungumza, msomaji wa Kijapani anasikia mtu wa leo aliyevaa sare ya kuazima.

Hatua ya 2: Vyeo

Vyeo vya JWTZ vinasaidia hapa kwa sababu ngazi zake zinalingana vizuri. Safu ya kwanza ya Kijapani ni ya majeshi ya kifalme na ya nchi za nje. Ya pili ni ya Vikosi vya Kujilinda vya anga, kwa ufupi wake.

Luteni-usu: 少尉 (shōi), 3尉 (san-i)
Luteni: 中尉 (chūi), 2尉 (ni-i)
Kapteni: 大尉 (taii), 1尉 (ichi-i)
Meja: 少佐 (shōsa), 3佐 (sansa)
Luteni Kanali: 中佐 (chūsa), 2佐 (nisa)
Kanali: 大佐 (taisa), 1佐 (issa)

Ona namba zinavyokwenda: katika Vikosi vya Kujilinda 1 ni ya juu na 3 ni ya chini. Mtafsiri mwenye haraka humpa luteni-usu 1尉 akidhani 1 ni mwanzo, na kijana aliyetoka chuoni jana anapanda ngazi mbili kwa kosa la kalamu. Kwa ukamilifu huandikwa 1等空尉 (ittō kūi), na herufi 空 inaonyesha kuwa ni wa anga. Wa bahari anapata 海, wa nchi kavu 陸. Brigedia Jenerali wa nchi za nje ni 准将 (junshō), ngazi ambayo Vikosi vya Kujilinda havina: juu ya 1佐 kinakuja 空将補 (kūshōho), kinacholingana na Meja Jenerali.

Neno "kapteni" ndilo linaloangusha watu wengi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Kapteni wa jeshi la anga la Marekani ni 大尉. Anayeitwa hivyohivyo katika jeshi la wanamaji la Marekani yuko ngazi ya kanali, kwa hiyo ni 大佐. Mkuu wa manowari, kwa nafasi yake, ni 艦長 (kanchō). Rubani mkuu kwenye ndege yenye wafanyakazi kadhaa ni 機長 (kichō), hata kama cheo chake ni meja. Usitafsiri neno hilo kabla hujajua ni cheo au ni nafasi, na ni la jeshi gani.

Waingereza wana mtego wao. Katika jeshi lao la anga Squadron Leader ni cheo, sawa na meja, kwa hiyo 少佐. Wing Commander ni 中佐, Group Captain ni 大佐, na Flight Lieutenant ni 大尉. Ukimwita Squadron Leader 飛行隊長 (hikōtaichō) umempa kazi ya kuongoza kikosi ambayo huenda hana.

Ukiandaa manukuu au sauti, jambo moja zaidi: wanamaji wa kifalme walikuwa na mazoea ya kusoma 大尉 "daii" na 大佐 "daisa", ilhali nchi kavu walisoma "taii" na "taisa". Kwenye maandishi haionekani. Mwigizaji akisoma, inasikika.

Hatua ya 3: "Kikosi" kipi?

Kiswahili kina neno moja jepesi, kikosi, linalobeba kuanzia watu kumi hadi jeshi zima. Kijapani hakikuruhusu. Kwanza chora ngazi za jeshi unalotafsiri, kisha ujaze.

Vikosi vya Kujilinda vya anga: 航空団 (kōkūdan) juu, ndani yake 飛行群 (hikōgun), ndani yake 飛行隊 (hikōtai), ambayo ndiyo yenye ndege na marubani. Kwa Marekani Wajapani hutumia ngazi zinazofanana: 第18航空団 iko Kadena, Okinawa, na 第35戦闘航空団 iko Misawa. Ndege za manowari ya kubebea ndege ni 空母航空団 (kūbo kōkūdan).

Waingereza wanageuza ngazi. Kwa Marekani "wing" iko juu ya "group". Kwa Uingereza "group" iko juu ya "wing". Ukifuata maneno bila kuangalia ukubwa, kikosi kidogo kitaamuru kikubwa.

Kwa nchi kavu ya kifalme msingi ni 飛行戦隊 (hikō sentai), iliyogawanyika kuwa 中隊 (chūtai). Namba inaingia katikati: 飛行第64戦隊, si 第64飛行戦隊. Kwa wanamaji ni 航空隊 (kōkūtai), na ndani yake 飛行隊. Angalia kwamba neno 戦隊 kwa wanamaji ni kundi la manowari. Ukikutana na "sentai" kwenye kitabu cha Kiingereza, hakikisha kwanza kama inazungumziwa ndege au meli.

Ukihesabu vikosi tumia 個 (ko): 2個飛行隊. Ukiandika 2飛行隊 msomaji anaweza kuielewa kama jina la kikosi.

Hatua ya 4: Ndege, jina lake na kazi yake

Ndege za nchi za nje ni rahisi: acha herufi na namba zake, kisha ongeza kazi kwa 機 (ki) mwishoni. F-15戦闘機 (sentōki), ya kupambana angani. C-130輸送機 (yusōki), ya mizigo. 偵察機 (teisatsuki), ya upelelezi. 哨戒機 (shōkaiki), ya doria baharini. 練習機 (renshūki), ya mafunzo. 空中給油機 (kūchū kyūyuki), ya kujaza ndege nyingine mafuta angani. Ndege mbili za rada zichunguze kwa makini. E-2 ni 早期警戒機 (sōki keikaiki), ya kuonya mapema. E-767 ni 早期警戒管制機 (sōki keikai kanseiki), na hizo herufi mbili za ziada, 管制, zinasema kwamba inaongoza pia ndege nyingine vitani. Usizidondoshe kwa kubana nafasi.

Ndege za kifalme ndizo zinazohitaji kazi kubwa, na hapa ndipo mtafsiri anapojulikana.

Majina yake mengi yanatokana na tarakimu za mwisho za mwaka wa kifalme wa Japani, ambao 1940 ni 2600. Ndege iliyokubaliwa 1937 (2597) ni 九七式 (kyūnana-shiki). Mwaka 2600 majeshi mawili yaligawanyika: wanamaji walichukua sifuri, 零式, ndipo likatoka jina Zero, nchi kavu waliandika mia, kama 一〇〇式司令部偵察機. Kwa 1941 wote wawili wakaandika 一式. Kwa hiyo 九七式 au 一式 peke yake haitambulishi ndege. 九七式戦闘機 ni ya nchi kavu, 九七式艦上攻撃機 ni ya wanamaji. Zero kamili ni 零式艦上戦闘機 (reishiki kanjō sentōki). Kwa kifupi 零戦, inayosomwa "reisen" au "zerosen". Namba za ujenzi za nchi kavu zilianza na katakana キ, kwa hiyo Ki-43 ya vitabu vya Kiingereza inarudi kuwa キ43. Za wanamaji, kama A6M, zinabaki kwa herufi za Kilatini.

Namba za toleo zisomwe tarakimu moja moja. 零戦五二型 ni "go-ni-gata", si "gojūni-gata", kwa sababu si hamsini na mbili: tarakimu ya kwanza ni ya mabadiliko ya umbo la ndege, ya pili ni ya injini.

Vyanzo vya Kiingereza vya wakati wa vita hutumia majina ya bandia ya Washirika. Usiyaandike kwa katakana kama jina la ndege, isipokuwa ndani ya maneno yaliyonukuliwa. Oscar ni 一式戦闘機「隼」 (Hayabusa). Frank ni 四式戦闘機「疾風」 (Hayate). Betty ni 一式陸上攻撃機. Kate ni 九七式艦上攻撃機. Val ni 九九式艦上爆撃機.

Tazama tena hizo tatu za mwisho. Kwa Kiswahili zote ni ndege za kudondosha mabomu, na mtafsiri asiyejua ataandika 爆撃機 (bakugekiki) kwa zote. Kwa wanamaji 爆撃機 ilikuwa ndege ya kupiga mbizi ikiachia bomu. Iliyobeba torpedo, hata kama ilidondosha pia mabomu kwa kuruka sawasawa, ilikuwa 攻撃機 (kōgekiki). Ndiyo maana Betty, ndege kubwa yenye injini mbili, haiitwi 爆撃機. Kwa nchi kavu 爆撃機 ni ya mabomu ya aina yoyote, kama 九七式重爆撃機. Na Vikosi vya Kujilinda viliikwepa kabisa 攻撃機, "ndege ya kushambulia": F-1 na kisha F-2 ziliitwa 支援戦闘機 (shien sentōki), ndege ya kivita ya kusaidia, na zile za ulinzi wa anga 要撃戦闘機 (yōgeki sentōki). Baadaye mgawanyo huo ulifutwa, na leo F-2 ni 戦闘機 tu. Neno moja, 攻撃機, lina torpedo kwenye kabati la pili, halipo kwenye la tatu, na kwenye la nne ni ndege kama A-10 ya Marekani.

Hatua ya 5: Sehemu za ndege

Hapa uamuzi ni kanji au katakana. Kwa maandishi ya kabati la kwanza na la pili, kanji. Kwa ndege za leo, mchanganyiko kama mafundi wanavyosema wenyewe.

Bawa kuu ni 主翼 (shuyoku), kiwiliwili 胴体 (dōtai), mkia wa mlalo 水平尾翼 (suihei biyoku), mkia wa wima 垂直尾翼 (suichoku biyoku). Usukani wa mkia wa wima ni 方向舵 (hōkōda), ule wa kupandisha na kushusha pua 昇降舵 (shōkōda), vibawa vya nchani vinavyoilaza ndege upande 補助翼 (hojoyoku), ambavyo leo mara nyingi ni エルロン. Fimbo ya kuongozea ni 操縦桿 (sōjūkan) hadi leo. Injini ya zamani ni 発動機 (hatsudōki), ya leo エンジン. Ila idadi yake inabaki kwa kanji katika zama zote: 単発 (tanpatsu) moja, 双発 (sōhatsu) mbili, 四発 nne. Viti vivyo hivyo: 単座 (tanza) kwa mtu mmoja, 複座 (fukuza) kwa wawili. Tangi la mafuta la kudondosha ni 増槽 (zōsō). Kiti kinachomrusha rubani nje ni 射出座席 (shashutsu zaseki). Magurudumu yote pamoja na miguu yake ni 降着装置 (kōchaku sōchi), kwa kifupi 脚 (kyaku), na hapa kuna kosa la kusoma: 脚 ya ndege ni "kyaku", si "ashi".

Kioo cha chumba cha rubani kwa ndege za vita vya pili ni 風防 (fūbō) chote. Kwa ndege ya leo tenganisha: cha mbele 風防, kinachofunguka キャノピー.

Na kwenye kundi lake ardhini, fundi mkuu anayesimamia ndege moja katika Vikosi vya Kujilinda ni 機付長 (kitsukichō). Mafundi kwa jumla ni 整備員 (seibiin). Kumwita huyo mkuu 整備長 ni kumhamishia ofisi nyingine.

Hatua ya 6: "Masafa" na wenzake

Kuna maneno ya chanzo yanayoonekana mepesi na yanagawanyika yakifika Kijapani. La hatari zaidi ni masafa. Masafa ambayo ndege inaweza kuruka ni 航続距離 (kōzoku kyori). Umbali ambao inaweza kwenda kupigana na kurudi ni 戦闘行動半径 (sentō kōdō hankei), na daima ni chini ya nusu ya ule wa kwanza. Masafa ya kombora au mzinga ni 射程 (shatei). Ya rada ni 探知距離 (tanchi kyori). Na masafa ya redio, ambayo kwa Kiswahili ni neno lilelile, ni 周波数 (shūhasū). Ukichanganya 航続距離 na 行動半径, ndege yako itafika mbali maradufu kuliko ilivyoweza, na hakuna mhariri atakayeona kama hajui ndege hiyo.

Kuanguka: ndege iliyotunguliwa ni 撃墜 (gekitsui), iliyoharibiwa tu 撃破 (gekiha), iliyoanguka yenyewe 墜落 (tsuiraku), iliyotua kwa lazima 不時着 (fujichaku). Kumbukumbu za wanamaji zina mawili mengine ya kuheshimu: 未帰還 (mikikan), haikurudi, na 自爆 (jibaku), ambalo kwa ndege ya 1942 halimaanishi mtu aliyejifunga mabomu bali ndege iliyoonekana ikienda chini vitani.

Safari za kivita zihesabiwe kwa uangalifu. Safari 120 si ndege 120: huenda ni ndege 40 zilizoruka mara tatu. Kijapani kina neno zuri la jambo hili, 延べ (nobe): 延べ120機. Ukiliacha umeongeza ndege 80 ambazo hazikuwepo.

Hatua ya 7: Maneno yenye uzito wa kisiasa

Vikosi vya Kujilinda vina msamiati uliochaguliwa kuepuka sauti ya vita, na mtafsiri asiurekebishe. Nchi za nje zina manowari za kuangamiza, 駆逐艦 (kuchikukan). Za Japani ya leo ni 護衛艦 (goeikan), za kusindikiza, na hata Izumo yenye sitaha ndefu iliingia kazini ikiandikwa ヘリコプター搭載護衛艦. Kombora ni ミサイル kwenye gazeti, lakini jina rasmi la silaha za Kijapani hutumia 誘導弾 (yūdōdan): 99式空対空誘導弾. Kuzuia ndege ya adui ni 要撃 (yōgeki) kwa Vikosi vya Kujilinda na 迎撃 (geigeki) kwa wengine wote. Kutawala anga zamani ni 制空権 (seikūken), leo kwenye nyaraka za ulinzi 航空優勢 (kōkū yūsei). Ndege zinaporuka ghafla kukabili wageni, gazeti linaandika スクランブル au 緊急発進 (kinkyū hasshin). Nyaraka za ulinzi zinaita kazi nzima 対領空侵犯措置, hatua dhidi ya uvunjaji wa anga. Uwezo wa kupiga vituo vya adui uliojadiliwa kama 敵基地攻撃能力 uliandikwa 反撃能力 (hangeki nōryoku), uwezo wa kujibu, katika nyaraka za usalama za Desemba 2022.

Mfano wa karibu na kwetu uko Djibouti. Japani ilianza doria dhidi ya maharamia Ghuba ya Aden mwaka 2009, na ndege za P-3C zikatumwa; mwaka 2011 ikafungua kituo chake hapo. Magazeti ya Kiswahili yanaandika kambi ya kijeshi. Nyaraka za Japani zinaandika 活動拠点 (katsudō kyoten), kituo cha shughuli, na kazi yenyewe 海賊対処 (kaizoku taisho), kukabili maharamia, bila neno operesheni ya kijeshi. Ukitafsiri taarifa rasmi, tumia 拠点. Lakini kama mwandishi wa Nairobi ameandika "kambi ya kijeshi" kwa makusudi, akitoa hoja yake, andika 基地 (kichi). Hoja ni yake. Kuilainisha ni kumnyang'anya.

Hatua ya 8: Hesabu, vipimo na saa

Ndege na helikopta zinahesabiwa kwa 機, manowari 隻 (seki), bomu au kombora lililofyatuliwa 発 (hatsu), mtambo wa kombora na injini 基 (ki). Elfu kumi ni 万, kwa hiyo futi 35,000 ni 3万5000フィート. Urefu kwa futi na mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa) ubaki hivyo kwa msomaji anayejua. Kwa msomaji wa gazeti ongeza mita na kilomita, ukizungusha namba. "Maili" ya marubani ni ya baharini, 海里 (kairi), kilomita 1.852, ile ya barabarani ni 1.609.

Saa ya Kiswahili ni mtego wa pekee wa kwetu. Saa tatu asubuhi ni 午前9時, na kijeshi 0900, inayosomwa kwa namna ya Vikosi vya Kujilinda: 0 ni "maru", 1 "hito", 2 "futa". Saa sita mchana, 1200, ni "hito-futa-maru-maru". Tokyo iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa sita, kiasi kilekile kinachotenganisha saa ya Kiswahili na ya Kizungu, na ndiyo maana ni rahisi kugeuza mara mbili au kutogeuza kabisa. Andika kando ni saa ya wapi. Majeshi ya Japani yaliandika kumbukumbu kwa saa ya Tokyo popote yalipokuwa: shambulio la Pearl Harbor ni Desemba 7 kwa Wamarekani, na kwa Kijapani ni 1941年12月8日.

Hatua ya 9: Kuhakiki

Tengeneza jedwali lenye safu nne: neno la chanzo, kabati, neno la Kijapani, mahali ulipolikuta. Safu ya nne ndiyo inayokuokoa mhariri akiuliza.

Kwa kabati la tatu, chanzo bora ni 防衛白書 (bōei hakusho), ripoti ya kila mwaka ya Wizara ya Ulinzi, kwa sababu ina toleo la Kiingereza pia: weka aya mbili kando kwa kando uone neno lilivyogeuzwa. Kwa utafutaji wa kawaida weka neno ndani ya alama za kunukuu pamoja na site:mod.go.jp. Likipatikana kwenye tovuti za mashabiki tu, si rasmi. Kwa maandishi ya kabla ya Januari 2007 kumbuka kwamba wizara, 防衛省, ilikuwa bado idara, 防衛庁.

Kwa makabati ya kifalme, nenda アジア歴史資料センター, hifadhi ya mtandaoni iliyofunguliwa 2001 yenye nyaraka za majeshi yote mawili. Tafuta pia kwa kanji za zamani, kwani nyaraka zenyewe zimeandikwa 戰鬪機, si 戦闘機. 聯合艦隊, si 連合艦隊. Ukinukuu, amua tangu mwanzo kama utabaki na za zamani au utazigeuza, na usichanganye.

Kwa katakana, kero ya kawaida ni mstari wa kurefusha mwishoni. Magazeti na nyaraka za serikali huandika レーダー. Nyaraka nyingi za kihandisi zilifuata desturi ya kuuacha, レーダ. Zote ni Kijapani. Kuwa na zote mbili kwenye ukurasa mmoja ndiko kunakokataliwa, kwa hiyo tafuta "レーダ" kwenye faili lote kabla ya kukabidhi.

Kisha pitia mara ya mwisho ukitafuta herufi hizi tu, moja baada ya nyingine: 空軍, 攻撃機, 爆撃機, 大尉, 大佐, 機銃, 機関砲, 距離. Kila inapotokea, rudi juu ya ukurasa ulipoandika ndege ni ya nani na mwaka gani.